Askari Aliyerudi Asiachwe Peke Yake



Katika masomo yenu ya Agano la Kale mmekwisha kusikia habari za nabii Elia. Mnakumbuka jinsi alivyosimama juu ya mlima Karmeli, mtu mmoja mbele ya manabii mia nne na hamsini wa Baali, na jinsi moto ulivyoshuka toka mbinguni. Siku ile Elia alishinda. Wengi wetu hufunga kitabu hapo, kwa maana habari za ushindi ni tamu kusikia. Lakini Kitabu cha Kwanza cha Wafalme hakikomi hapo. Fungueni sura inayofuata, yaani sura ya 19, nanyi mtamkuta mshindi yule yule amekimbia jangwani mwendo wa siku nzima. Amemwacha mtumishi wake nyuma, ameketi peke yake chini ya mti, anamwomba Mungu autwae uhai wake.

Angalieni vema. Aliyetaka kufa si mwoga, wala si mpagani. Ni nabii wa Mungu, ametoka katika mapambano, tena ameshinda. Na damu ilimwagika siku ile, damu nyingi. Angalieni pia kwamba amemwacha mtumishi wake. Mtu ambaye moyo wake umechoka namna hii hutafuta kuwa peke yake, na kadiri anavyokaa peke yake, ndivyo moyo unavyozidi kuchoka.

Naye Mungu alifanya nini? Hakumkemea. Hakumtuma mtu wa kumsomea amri ya tano. Alimtuma malaika pamoja na mkate uliookwa juu ya mawe ya moto na mtungi wa maji. Malaika akamgusa, akamwamsha apate kula. Elia akala, akanywa, akalala tena. Ndipo malaika akarudi mara ya pili, akamgusa tena, akamlisha tena, akamwambia kwamba safari iliyo mbele yake ni ndefu. Mimi nilisoma sura hii miaka mingi kabla sijayaona maneno hayo madogo: mara ya pili. Hata malaika wa Mungu hakutosheka na kwenda mara moja.

Nimeanza na Elia kwa sababu leo nataka kusema nanyi juu ya askari waliorudi nyumbani, na juu ya wale miongoni mwao wanaofikiri kujiua. Ni neno zito. Katika vijiji vyetu halisemwi mchana, na likisemwa usiku husemwa kwa kunong'ona. Lakini ugonjwa usiotajwa haupati dawa.

Wazee walituhadithia jinsi Force Publique ilivyokwenda mpaka Abisinia, ikapigana Asosa na Gambela, na jinsi jenerali wa Italia alivyojitoa pamoja na jeshi lake huko Saio mwezi wa Julai 1941. Wengine walifika mpaka Burma. Habari za ushindi tulipewa nyingi. Habari za usiku wa wale watu, baada ya kurudi, hatukupewa. Kisha zikaja vita vyetu wenyewe, hasa tangu mwaka 1996, na mashariki ya nchi yetu ni vijiji vichache sana visivyo na mtu aliyepata kushika bunduki. Mmoja ametolewa jeshini kwa uzee, mwingine kwa jeraha, mwingine alichukuliwa angali mtoto, akarudi mtu mzima asiyejua kulima.

Basi mtu huyo anarudi. Siku ya kwanza anapigiwa vigelegele. Baada ya miezi michache watu wanaanza kusema. Halali usingizi: wanasema amerogwa. Bati likipigwa na upepo anaruka na kujitupa chini: wanacheka. Anakunywa pombe tangu asubuhi: wanasema ni mlevi, basi. Haji tena arusini wala matangani: wanasema ana kiburi. Hakuna anayejiuliza pombe ile inanyweshwa kidonda gani.

Watu wa kale walijua jambo ambalo sisi tumelisahau. Katika Kitabu cha Hesabu, sura ya 31, askari wa Israeli waliotoka vitani waliamriwa kukaa nje ya kambi siku saba na kutakaswa, ndipo waingie kwa wake zao na watoto wao. Na katika historia ya Kanisa tunasoma jambo la ajabu. Mwaka 1066 Wilhelmu, mtawala wa Normandia, aliishinda Uingereza katika vita ya Hastings. Baadaye maaskofu wa Normandia waliwapa askari wake kitubio, naam, askari walioshinda. Aliyejua idadi ya watu aliowaua alipewa mwaka mmoja wa kitubio kwa kila mtu. Asiyejua idadi alipewa siku moja katika kila juma, maisha yake yote. Yafaa tukiri kwamba twaona ni mzigo mkali. Hata hivyo, nadhani maaskofu wale walikuwa na hekima. Walimwambia askari: Jambo unalolibeba si ndoto, sisi tunaliona, lina kipimo, na kuna njia ya kulitua. Askari wetu wa leo haambiwi lolote. Anaambiwa asahau. Naye, kwa sababu hawezi kusahau, anadhani ni yeye peke yake duniani aliye hivyo.

Sasa nitawaambia kosa langu mwenyewe, wala sitalipamba.

Katika misioni moja nilipokuwa padri kijana palikuwa na sajini wa zamani. Alikaa peke yake, mkewe alikuwa amekwisha kufa. Alikuja Misa kila Dominika, akisimama nyuma karibu na mlango, hakai. Juma moja alileta mbuzi wake wawili, akasema ni vya watoto wa shule. Siku tatu baadaye alileta redio yake, akampa mwalimu. Kisha koti lake zuri akampa kijana wa jirani. Mimi nilifurahi sana. Dominika ile katika mahubiri nilimsifu, bila kutaja jina, kuwa mfano wa mkristu aliyejitenga na mali ya dunia.

Jioni yake alikuja kwangu mjane mmoja, katekumeni wa mwaka wa pili, kama ninyi. Hakujua kusoma. Akapiga magoti, akasalimu, kisha akasema: «Padri, unisamehe. Yule baba sajini amegawa vitu vyake kama mtu anayehama. Nami namwuliza Padri: anahamia wapi?»

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesoma vitabu vingi, na mama huyu alikuwa ameona kilichokuwa mbele ya macho yangu.

Hakungoja niseme. Alikuwa amekwisha kwenda kwa sajini mchana ule na bakuli la ugali na sombe. Aliketi mbele yake mpaka alipokula kidogo. Ndipo akamwuliza waziwazi, kama mtu anavyouliza habari ya homa: «Baba, je, unafikiri kujiua?» Mzee yule, aliyeamuru watu vitani, aliinamisha kichwa akalia. Akasema ndiyo. Akasema ana silaha ambayo hakuirudisha. Akasema amewaelemea watu, na kwamba wakimkosa watapumzika.

Usiku ule ule tulikwenda watu watatu, mjane, kaka wa marehemu mkewe, nami. Silaha aliitoa mwenyewe, hatukumnyang'anya. Kesho yake ilikabidhiwa kwa serikali. Shemeji yake alilala pale pale nyumbani juma zima. Tulimpeleka kwa daktari wa hospitali, ambaye alimsikiliza kwa saa nzima na kumpa dawa, akamwagiza arudi.

Katika habari hii yote nataka mshike hasa mambo aliyoyafanya mjane yule, kwa maana aliyafanya bila kufundishwa na mtu, na leo waganga wa nchi kubwa wanafundishana mambo yale yale.

Tazameni Marekani. Nchi ile ina askari wa zamani wengi mno, wa Vietnam, wa Iraki, wa Afganistani. Ni nchi tajiri. Ina hospitali zilizojengwa kwa ajili yao peke yao. Na bado mwaka 2022 askari wa zamani zaidi ya 6,400 walijiua, ndiyo kusema zaidi ya 17 kila siku. Wengi wao hawakuwa wakienda katika hospitali hizo. Kwa hiyo mali peke yake haikutosha, wala madaktari kungoja mlangoni hakukutosha. Tangu mwaka 2007 waliwawekea namba ya simu ambayo askari aweza kuipiga usiku na mchana, akamkuta mtu wa kusema naye. Na tangu 2022 namba hiyo ni fupi, hata mtu aliyechanganyikiwa aweza kuikumbuka. Ni jambo jema. Lakini jambo linalonigusa mimi zaidi ni la barua.

Huko San Francisco palikuwa na daktari wa magonjwa ya roho, jina lake Jerome Motto. Yeye mwenyewe alikuwa askari katika vita kuu ya pili, naye alijua barua ni kitu gani kwa mtu aliye mbali na kwao. Tangu mwaka 1969 alichukua watu 843 waliokuwa wametoka hospitalini kwa huzuni kubwa au kwa kutaka kujiua, na ambao walikuwa wamekataa kuendelea na matibabu. Akawagawa makundi mawili kwa kura. Kundi moja hakuliandikia. Kundi la pili waliandikiwa barua fupi, mistari michache tu, kuwajulisha kwamba wanakumbukwa na kwamba wakipenda kujibu, watu wa hospitali watafurahi. Barua hazikudai kitu. Hazikuuliza kama wamekunywa dawa. Mwanzoni zilikwenda kila mwezi, kisha kwa nafasi ndefu zaidi, kwa miaka mitano. Walipohesabu, walikuta kwamba waliojiua katika kundi la barua walikuwa wachache kuliko wa kundi lile lisiloandikiwa, na tofauti ilikuwa kubwa hasa katika miaka miwili ya kwanza. Tangu mwaka 2020 serikali ya Marekani imeanza kuwatumia barua za namna hiyo askari wa zamani waliopiga ile simu ya msaada.

Mistari michache, kwa mtu aliyekataa kusaidiwa! Je, mnaona? Ni mkate wa Elia. Malaika hakusema mengi, alirudi. Na sisi kijijini hatuhitaji posta. Tuna miguu. Kupita uani kwa mtu, kusema «Hodi, nimekuja kukusalimu tu», na kupita tena juma lijalo bila kudai neno, hiyo ndiyo barua yetu.

Neno la silaha nalo msilidharau. Katika Marekani zaidi ya saba katika kila kumi ya askari hao wa zamani hufa kwa bunduki. Jeshi la Israeli, mwaka 2006, liliamuru kwamba askari vijana wanaokwenda nyumbani mwisho wa juma waache bunduki kambini. Waliojiua wakapungua kwa asilimia 40 hivi. Wengine watasema: Anayetaka kufa atatafuta njia nyingine. Sivyo ilivyoonekana. Saa ile mbaya huja kama tufani na hupita. Mtu akikosa kitu cha kuua mkononi katika saa ile, wengi huishi, na wengi hawarudii tena. Kwa hiyo kama katika nyumba ya mtu mwenye huzuni kubwa kuna silaha, au dawa kali za shamba, jamaa wazihamishe kwa upole na kwa ruhusa yake mwenyewe, wazitunze mahali pengine mpaka apone.

Najua mna maswali, kwa maana mliniuliza nilipopita katika vituo vyenu. Nitajibu matatu.

Swali: Je, nikimwuliza mtu kama anafikiri kujiua, sitamtia wazo hilo moyoni?
Jibu: Hapana. Waganga wamelipima jambo hili, wakaona kwamba kuuliza hakupandi mbegu. Kama wazo halimo, atakuambia halimo. Kama limo, mara nyingi atapumua kama mtu aliyetuliwa mzigo, kwa sababu hatimaye yupo anayejua. Lakini muulize kwa heshima, mkiwa peke yenu, usimwulize mbele ya watoto wake, na ukiisha kuuliza, nyamaza usikilize. Usianze kumhubiri.

Swali: Akiniambia kwa siri, je, naruhusiwa kusema kwa mwingine?
Jibu: Siri ya kitubio ni ya padri. Wewe si padri. Mwambie kwa upole: Baba, jambo hili ni kubwa kwa mtu mmoja, twende wote wawili kwa katekista, au kwa mwuguzi wa kituo cha afya, au kwa ndugu yako unayemwamini. Usimwache peke yake saa ile, hata kama usiku umeingia. Afadhali akukasirikie akiwa hai.

Swali: Aliyejiua amepotea milele?
Jibu: Hapa nisikilizeni kwa makini. Uhai ni wa Mungu, sisi ni watunzaji tu. Kujiua ni kinyume cha amri ya tano, nasi hatuwezi kufundisha vinginevyo. Lakini Katekismo ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, namba 2282 na 2283, inafundisha kwamba ugonjwa wa akili, hofu kubwa au mateso hupunguza hatia ya mtu. Tena inatufundisha tusikate tamaa juu ya wokovu wao, kwa kuwa Mungu ana njia anazozijua yeye peke yake, na Kanisa linawaombea. Zamani, kwa sheria ya mwaka 1917, aliyejiua kwa kusudi alinyimwa maziko ya Kanisa. Katika sheria ya mwaka 1983 katazo hilo halimo tena. Kwa hiyo anayewaambia kwamba mwili wa mtu huyo utupwe porini, au kwamba jamaa zake wasipewe pole, hafundishi mafundisho ya Kanisa.

Mnajua mfalme Sauli alivyokufa, kwa mkono wake mwenyewe, siku aliyoshindwa na Wafilisti. Adui waliutundika mwili wake ukutani, mji wa Beth-Sheani. Ndipo watu wa Yabeshi ya Gileadi, ambao Sauli aliwaokoa zamani alipokuwa kijana, waliposikia, mashujaa wao wote waliondoka, wakatembea usiku kucha. Wakamwondoa ukutani, wakaizika mifupa yake chini ya mti, wakafunga chakula siku saba. Hawakuuliza kwanza alikufaje. Walikumbuka alivyowapigania.

Lakini mimi napenda zaidi wale wanaotembea usiku kucha mtu angali hai.

Na kama kuna askari anayesomewa karatasi hii, pengine amesimama nyuma karibu na mlango, nina neno kwake. Ndugu yangu, Kanisa lina mtakatifu aliyekuwa kama wewe. Inyasi wa Loyola alikuwa askari. Mwaka 1521, huko Pamplona, risasi ya mzinga ilimvunja mguu. Alipopona aliziacha silaha zake mbele ya altare ya Bikira Maria huko Montserrat, akaenda kukaa Manresa, akidhani sasa atakuwa na amani. Haikuwa. Dhambi zake za zamani zilimrudia akilini usiku na mchana. Alizikiri, akazikiri tena, asipate pumziko. Mwaka 1522 mawazo ya kujiua yalimjia kwa nguvu, zaidi ya mara moja. Yeye mwenyewe alilisimulia jambo hilo katika uzee wake bila kulificha. Alikaa bila kula juma zima, akifikiri hivyo Mungu atamhurumia. Padri aliyekuwa akimwungamisha alipojua hayo alimwamuru ale. Inyasi akatii, akala. Giza lilirudi tena baada ya hapo, kisha likaondoka. Aliishi miaka zaidi ya 30 baada ya Manresa, akaanzisha Shirika la Yezu.

Tazama ndugu: kama angalikufa Manresa, tungalisema ni askari mmoja kilema aliyeshindwa na mawazo. Hakujua yaliyokuwa mbele yake. Wewe pia huyajui. Usiamue neno la maisha yako yote katika saa ya giza. Kula kitu, lala karibu na mtu, kesho asubuhi umwendee mmoja unayemwamini, umwambie kwa maneno machache kile unachofikiri. Hutamshangaza Mungu. Alikwisha kuyasikia maneno hayo kinywani mwa nabii wake.

Mtaniuliza sajini yule aliishiaje. Baada ya juma lile la kwanza, mjane aliwaita wakatekumeni wenzake chini ya mwembe wa misioni, akawagawia siku. Jumatatu huyu, Alhamisi yule, Jumamosi vijana wa kuchota maji. Hakuna aliyetakiwa kuhubiri. Ilitosha kufika, kuketi, kula naye kama kuna chakula. Dawa ya daktari ilifanya kazi yake polepole. Miezi mingine ilikuwa mibaya, na mara moja ilibidi shemeji yake arudi kulala pale. Mwaka wa pili alianza kuwafundisha vijana kujenga kwa matofali, kazi aliyojifunza jeshini, na ukuta wa shule wa upande wa kusini ni wa mkono wake. Mbuzi wawili tulimrudishia, akacheka, maana walikuwa wamekwisha kuwa watano.

Nami nilimwendea mjane, nikamwambia kwamba natubu yale mahubiri yangu, na nikaomba nami nipewe siku. Akafikiri kidogo, akahesabu kwa vidole vyake.

«Jumanne hakuna mtu, Padri,» akasema. «Ila usichelewe, yeye hula mapema.»